Viwanja vya Ndege vya Vijijini Viangaliwe

Ndege ndogo inapopata ajali ikitua katika kiwanja cha shamba, cha misheni au cha kambi ya watalii, neno la kwanza kusemwa ni kwamba rubani alikosea. Mara nyingi ni kweli. Lakini haifai hata kidogo mambo yakomee hapo, kwa sababu kosa la rubani huua hasa pale ambapo kiwanja chenyewe hakikumwachia nafasi ya kujisahihisha.

Inafaa ieleweke kwamba rubani akikaribia ardhi kwa mwendo uliozidi ule unaotakiwa kwa asilimia 10 tu, atahitaji njia iliyo ndefu zaidi kwa asilimia 20 hivi ili asimame. Majani mafupi yaliyolowa mvua huzifanya breki zisishike, na urefu huo waweza kuongezeka kwa asilimia 60. Juu ya hayo, katika nyanda za juu kama Seronera, iliyo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko Pwani, ingawa saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani inaonyesha tarakimu zile zile. Mambo haya yakikutana siku moja ya masika, kiwanja kilichotosha mwezi Agosti hakitoshi tena.

Je, nani humpa rubani habari hizo? Kiwanja cha porini hakina mnara wa kuongozea ndege. Kina mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, pengine nao umekwisha raruka. Ng'ombe hulishwa humo na vijana huchezea mpira humo, maana hakuna mahali pengine palipo sawa. Wenye viwanja hawana budi kuweka mlinzi atakayefukuza mifugo, kufyeka majani na kumpigia rubani simu kabla hajaruka, amweleze kama mvua imenyesha. Gharama yake si kubwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo haina budi kuvikagua viwanja hivyo vilivyo mbali, si vya mijini peke yake.

Kuvifunga si dawa. Tangu mwaka 1957, Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki wamewafikia wagonjwa wengi kwa viwanja vya namna hiyo hiyo.

Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, watu 43 walikuwamo, na 19 walikufa. Waliowahi kufika kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao. Hayo yalitokea mjini, penye kiwanja cha Serikali. Porini, atakayewahi ni mwalimu wa shule ya jirani au mtendaji wa kijiji. Aelezwe mapema kwamba petroli ikimwagika watu wasisogee na sigara wala moto wa aina yoyote, na namba ya simu ya kuita msaada ibandikwe katika mlango wa ofisi yake.