Owuor Hakuwa Jina Lake

Mwambie msee wa Nairobi kwamba unaenda Rongai, atafikiria matatu zenye muziki wa kupasua masikio na foleni ya Lang'ata. Rongai ninayoisema mimi iko upande wetu huku. Unatoka Nakuru kama mtu anayeenda Eldoret, unaacha barabara kuu, unaingia kwenye mahindi na reli ya zamani. Hakuna kelele. Wapita njia wengi hawana sababu ya kushuka.

Rongai hiyo iliwahi kufika Oscar.

Machi 2003, huko Los Angeles, tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni ilikwenda kwa Nirgendwo in Afrika, filamu ya 2001 ya mwongozaji Mjerumani Caroline Link. Hadithi yake inaanzia Rongai. Familia ya Kiyahudi inamkimbia Hitler. Baba, aliyekuwa mwanasheria kwao, anajikuta akisimamia shamba la ng'ombe la Mwingereza, na mwaka 1938 mkewe na binti yao wanamfuata. Msingi wake ni kitabu cha Stefanie Zweig cha mwaka 1995. Zweig mwenyewe aliletwa Kenya akiwa mtoto, akakulia mashambani huku na kusoma shule ya bweni hapa Nakuru.

Katika filamu hiyo kuna Kijerumani, kuna Kiingereza, na kuna Kiswahili kingi. Sehemu kubwa ya Kiswahili hicho inapita kwa mtu mmoja, mpishi anayeitwa Owuor. Yaani miaka 11 kabla ya Lupita Nyong'o kusimama jukwaani na sanamu yake mwaka 2014 na nchi nzima kupiga vigelegele, Mkenya alikuwa ameshaibeba filamu ya Oscar mabegani, akiongea lugha tunayonunulia sukuma wiki.

Anaitwa Sidede Onyulo. Lisome tena jina hilo, taratibu. Halafu nenda Kenyatta Avenue, simamisha watu ishirini, uwaulize kama wanalijua. Mimi nimeuliza marafiki zangu wa maigizo, watu wanaojiita wasanii hapa Nax. Wawili walikuwa wameiona filamu. Mmoja alimkumbuka: "Ah, yule Owuor!" Alifurahi kweli kumkumbuka. Lakini Owuor hakuwa jina lake.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza, na si ugomvi na Wajerumani.

Sisi Wakenya tuna tabia ya kula sura ya mwigizaji na kutupa jina lake. Benson Wanjau alituchekesha kwa miongo katika Vitimbi, tukamwita Mzee Ojwang' mpaka siku alipofariki, Julai 2015. Wengi walishangaa siku hiyo kusikia kwamba mzee aliyeongea kwa lafudhi ya Kijaluo miaka yote hiyo alikuwa Mkikuyu. Charles Bukeko alipotutoka Julai 2020, tuliandika kila mahali kwamba Papa Shirandula ameenda. Joseph Olita aliigiza Idi Amin mwaka 1981 katika filamu ya Sharad Patel, kisha akaitwa tena kumwigiza dikteta yuleyule katika Mississippi Masala ya 1991. Mwambie mtu "Olita" atakutolea macho. Mwambie "yule jamaa wa Amin" atakuonyesha hata alivyokuwa akitembea.

Utasema hiyo ni sifa. Mwigizaji akiigiza vizuri, jina lake linamezwa na mhusika, na ndiyo kazi yenyewe. Sawa, ingekuwa sifa kama jina lisingekuwa ndiyo pesa wanayotulipa.

Kila kijana aliyewahi kuigiza katika Bonde la Ufa anaijua sentensi hii: "Bajeti ni ndogo, lakini utapata jina." Nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kuisema usingizini. Mara moja niliitwa kuwa ekstra upande wa Naivasha. Kampuni siitaji. Tulifika saa kumi na moja asubuhi, tukapewa chai na mandazi mawili, tukawa wanakijiji wanaokimbia moto mpaka jua likazama. Aliyetuita akasema doo itaingia kwa simu jioni hiyo. Iliingia baada ya wiki saba, ikiwa imekatwa nauli ya gari ambalo halikutubeba. Na lile jina? Mwisho wa filamu tuliandikwa wote kwa neno moja: wanakijiji.

Basi unganisha mambo hayo mawili. Wanaotuajiri wanatulipa kwa jina. Halafu watazamaji, yaani wewe na mimi, tunalisahau jina kabla taa za ukumbi hazijawaka. Ni kama kulipwa kwa noti ambayo hakuna duka linaipokea.

Katika filamu ile kuna kisa kinachonikaa kichwani. Yule mwanasheria anaugua malaria, na Owuor ndiye anayemuuguza mpaka anasimama tena. Kwa shukrani, anampa Owuor joho lake la mahakamani. Onyulo analipokea, analivaa, na kwa dakika ile mpishi anakuwa mtu mkubwa kuliko chumba alichosimama. Ni zawadi nzuri. Lakini joho haliliwi, wala halilipi karo. Kila nikisikia "utapata jina", naliona joho lile.

Najua kuna mtu ameshaanza kukuna kichwa. Atasema: huyo Owuor si ni yuleyule boi mwaminifu wa sinema za wazungu? Mwafrika anayempenda bwana wake, anayelea mtoto wa mgeni na kupika mayai, na maisha yake mwenyewe hatuyaoni? Kwa nini tumtukuze mtu aliyeigiza utumwa wetu?

Ni hoja nzito na siikwepi. Kweli, mhusika yule ameandikwa kutoka dirishani mwa mgeni. Familia ya Owuor tunaisikia tu, hatukai nayo. Mwisho, Wajerumani wanajiandaa kurudi kwao, naye anaagana nao na kwenda zake, na kamera haimfuati. Lawama hiyo mpe aliyeandika. Mwigizaji hupewa sufuria, hachagui jiko. Muulize alipika nini nayo.

Onyulo alipika mtu. Mama wa kigeni anapompa kazi isiyo yake, anamweleza kwa utulivu kwamba yeye ni mpishi, na mpishi hachimbi. Hapigi kelele wala haombi radhi. Anapomfundisha yule msichana maneno, ni mwalimu kabla ya kuwa mtumishi. Ukitazama macho yake, utaona mtu anayewahurumia wageni hawa, si mtu anayewaabudu. Hilo halikuwa kwenye karatasi peke yake. Ni kazi yake.

Hattie McDaniel alilaumiwa vivyo hivyo Marekani. Mwaka 1940 alipata Oscar kwa kuigiza mtumishi katika Gone with the Wind, na usiku ule wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wazungu. Weusi wenzake walimshambulia kwa majukumu ya aina ile. Lakini jina lake halikupotea. Hata waliomkasirikia walijua wanamkasirikia nani. Sisi hata kumkasirikia Onyulo hatujaweza, maana kwanza ingebidi tumjue.

Tuzo za filamu za Ujerumani za mwaka 2002 zilimpa Matthias Habich, mwigizaji mwingine wa filamu hiyohiyo, ile ya mwigizaji msaidizi bora wa kiume. Habich ni fundi, simwonei wivu. Wajerumani wamemtunza Mjerumani wao. Wa Rongai alikuwa wa nani?

Na usiniambie hii ni hisia tu. Jina ni suala la sheria na la chakula. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya uigizaji wake. Kuna chama, PRISK, kilichoundwa kukusanya malipo kwa niaba ya waigizaji na wanamuziki. Mkataba wa kimataifa wa Beijing wa 2012, ulioanza kufanya kazi Aprili 2020, unasema mwigizaji wa filamu ana haki ya kutajwa kwamba yeye ndiye aliyeigiza. Haki, si hisani. Sababu iko wazi: kazi isiyo na jina haina wa kulipwa inaporudiwa. Filamu inaweza kuuzwa na kuonyeshwa miaka ishirini. "Wanakijiji" hawawezi kudai hata shilingi.

Kwa hiyo nasema na nyinyi, wasanii wenzangu wa Nakuru, kuanzia Kaptembwo mpaka Lanet. Ukiambiwa "utapata jina", jibu: "Sawa, liandike." Liandikwe kwenye mkataba, kwa lugha unayoielewa, kabla kamera haijawashwa, pamoja na kiasi cha pesa, tarehe ya kulipwa na kitakachotokea kazi ikirudiwa. Akikataa kuliandika, ujue hata hilo jina hana.

Na serikali ya kaunti, ambayo tangu Desemba 2021 inajivunia mji wenye hadhi ya jiji, ifanye jambo moja lisilohitaji mkutano hotelini. Itafute haki za kuionyesha filamu hii katika ukumbi wa Nakuru Players, na siku ya pili ipeleke turubai na projekta Rongai kwenyewe, ionyeshwe usiku, bure. Watu wa Rongai waone hadithi ya kwao ilivyofika mbali. Watacheka penye Kiswahili cha wageni, na watanyamaza penye joho.

Bango liwe na jina moja kubwa juu. Si la mwongozaji wala la Oscar. Na mtoto akimuuliza mamake huyo Sidede Onyulo ni nani, asijibiwe kwamba ni yule mpishi. Ajibiwe kwamba ni mwigizaji.