Nyama ya Burma Inapimwa. Intaneti Yetu Je?

Wasee wangu, wacha niulize swali moja kabla sijakasirika vizuri. Ukienda pale Burma ununue nyama kilo moja, ufike nyumbani upate ni nusu, utarudi ama hutarudi? Utarudi, tena na kelele. Sasa fikiria muuzaji akuangalie machoni akwambie, "Shida si nyama, bro. Shida ni sufuria yako ya kitambo." Ungecheka ama ungelia?

Hiyo ndiyo lugha tunayoongeleshwa kila mwezi na watu wanaotuuzia intaneti huku Eastlands. Na sisi, watu wa kubishana na makanga juu ya shilingi kumi, tunanyamaza na tunalipa.

Yangu ilikuwa hivi. Nakaa Shauri Moyo, dakika chache kwa miguu kutoka sokoni, kwa ploti ambayo laini moja inagawiwa nyumba kwa nyumba. Nalipia megabiti 10 kwa sekunde. Mashine yangu ni ThinkPad T420, modeli ya 2011. Kioo kina mikwaruzo na betri ilishakufa, lakini ndiyo inayonilisha: nakata video na kuandikia wateja maneno ya sauti walizorekodi. Miezi mitatu mfululizo, ikifika saa mbili usiku, intaneti inapotea, inarudi, inapotea tena. Kazi moja ilikwama kwa asilimia 94 hadi muda wa mteja ukapita. Sikulipwa.

Fundi wa kampuni alikuja. Hata kabla ya kuangalia raota, aliangalia laptopu, akamwambia mathe yangu: "Mathe, huyu kijana anunuliwe mashine mpya. Hii haishiki spidi." Mathe anauza matumbo Burma. Jioni hiyo nilimskia akipigia mweka hazina wa chama, akiulizia mkopo wa elfu thelathini na tano. Hapo ndipo nilisema, ngoja kwanza. Wacha nipime.

Kupima si uchawi. Kwenye Windows, fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika ipconfig, utafute mstari ulioandikwa Default Gateway. Namba iliyo hapo, mara nyingi kitu kama 192.168.1.1, ni anwani ya raota yako. Andika ping, uifuatishe na namba hiyo, kisha -t. Fungua dirisha la pili, andika ping 8.8.8.8 -t. Hiyo ni seva ya Google, iko nje kabisa ya ploti yenu. Acha zote mbili zikimbie saa ile ya matatizo. Zikiyumba zote mbili, shida iko ndani ya nyumba: waifai, ukuta, umbali, raota ama kweli mashine. Ya raota ikitulia na ya nje ikikufa, shida iko mbele ya raota, na kompyuta yako haina kesi ya kujibu.

Halafu toa waifai kwenye hesabu. Chomeka kebo. Tundu la kebo la T420 linapitisha hadi megabiti 1,000 kwa sekunde. Mimi nalipia 10. Yaani mashine ya 2011 inaweza kubeba mara mia moja ya kile ninachouziwa, na bado eti ndiyo imechoka! Hata kompyuta ya kitambo zaidi, yenye tundu la megabiti 100, inabaki na nafasi.

Nilipima na kebo wiki nzima, nikiandika kwa daftari. Saa nne asubuhi: megabiti 8, wakati mwingine 9. Saa mbili usiku: chini ya 1. Ping ya raota haikukosa hata mara moja. Ya nje ilikuwa inazirai kila dakika. Sasa niambieni, laptopu gani inazeeka saa mbili usiku halafu inarudia ujana asubuhi? Kilichokuwa kinabadilika ni idadi ya majirani waliorudi kutoka kazini na kuwasha TV kwenye laini ile ile.

Haki kwa wote lakini. Kuna siku mashine ndiyo mkosaji. Jirani yangu ana deskitopu ambayo kila tovuti ilikuwa inamwambia muunganisho si salama. Kumbe kabetri kadogo ka ndani, CR2032, kalikuwa kamekufa, na kila stima ikipotea saa inarudi nyuma miaka. Kivinjari kikiona tarehe ya mashine ni ya uongo, kinakataa kuamini tovuti. Kabetri kalikuwa shilingi 100. Waifai ya mashine nyingi za zamani nayo hushika 2.4 GHz pekee, na kwa ploti yenye raota kila mlango, hapo ni kama Jogoo Road jioni. Na Windows yenyewe inaweza kuwa inashusha masasisho kimyakimya wakati wewe unalaumu kampuni.

Na msitishwe na hii maneno ya Windows 10. Ni kweli msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani zinakataliwa na Windows 11. Hilo ni jambo la usalama, lichukulie kwa uzito. Linux Mint ni ya bure. Lakini tarehe hiyo haikukata intaneti ya mtu.

Sipingi laini kugawiwa. Intaneti ya nyumbani karibu yote hugawiwa, na ndiyo maana tunaimudu. Ninachopinga ni kuuzia nyumba nyingi kuliko laini inavyobeba, kisha kujificha nyuma ya neno "hadi". Hadi megabiti 10! Jaribu kuuza "hadi kilo moja" ya nyama pale Burma uone kama utafika jioni na kibanda. Mizani ya bucha ina sheria yake na wakaguzi wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji kunufaika nayo. Hakisemi "isipokuwa mwenye laptopu kuukuu."

Kwa hivyo, kabla ya mtu kwenu kukopa, pima siku saba. Andika saa na namba, piga picha za skrini, upeleke malalamiko kwa maandishi. Wakikuzungusha, kuna Mamlaka ya Mawasiliano, na huko watataka kujua kama ulilalamika kwa kampuni kwanza, kwa hivyo weka ushahidi.

Mimi nilipeleka daftari. Safari hii alikuja fundi mwingine, hakuomba hata kuiona laptopu. Alishinda kwa ngazi akibadilisha vifaa na kutenganisha laini. Saa mbili usiku sasa napata 6. Si 10, na bado nawadai. Lakini mathe hakuchukua mkopo, na haya maneno nimeyaandika kwa ile T420 iliyoambiwa haishiki spidi.

Nyama hatulipi kabla ya mizani. Intaneti pia tuanze hivyo.