Surua na kiwanda kilicho ndani ya seli

Mimi ni muuguzi huku Piana-Mwanga, mkoani Tanganyika, Kongo. Siku za chanjo akina mama huniuliza: "Muganga, mwili si unajikinga wenyewe?" Unajikinga, mama. Kirusi hakina kiwanda chake cha kutengenezea proteni, hutumia chetu. Kikiingia ndani ya seli, proteni iitwayo PKR hukigundua na kusimamisha kazi ya kiwanda. Proteni chache tu huendelea kutengenezwa, na baadhi yake ndizo zinazoiamuru seli ife. Seli moja hujiua ili jirani zake zipone.

Lakini kirusi cha surua kina proteni yake, iitwayo C, inayoizuia PKR isiamke. Kisha huzaana ndani ya seli za kinga zenyewe! Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto wa Uholanzi wasiochanjwa: baada ya surua, walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya antibodi zao, yaani kinga yao dhidi ya magonjwa mengine pia. Ndiyo maana aliyepona surua leo anaweza kuuawa baadaye na nimonia. Mlipuko wa 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 Kongo, wengi wao watoto.

Kinga yake ni chanjo, nayo hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, yaani frigo yenye umeme. Hapa, kwenye mto Luvua, Wabelgiji walijenga bwawa la umeme kwa ajili ya mgodi wa bati wa Manono. Kwangu mimi, frigo ya chanjo inastahili umeme kabla ya mgodi wowote. Serikali ianzie hapo. Nanyi mama zangu, mleteni mtoto akitimiza miezi 9.