Baada ya Hidaya, Wakristo Tutubu kwa Mikono

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu, maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga na sehemu nyingine za Kilwa. Mabasi na malori yalikwama huku na huku, na watu wa kusini wakatengwa na wenzao. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Makanisani tuliomba, na tulifanya vyema kuomba. Neno langu ni kwetu sisi tulioitikia "amina", kisha Jumatatu tukanunua gunia la mkaa bila kuuliza limetoka msitu gani.

Mkaa mwingi unaopikia Dar es Salaam hutoka mikoani, na Kilwa ni mojawapo ya mashamba yetu ya mkaa. Msitu unafyekwa kwa tanuri, unafyekwa tena kwa shamba la ufuta, na ardhi inabaki uchi mbele ya masika. Ufukweni nako mikoko inakatwa boriti na kuni, ilhali mizizi yake ndiyo inayoshika tope, kuvunja nguvu ya mawimbi na kuwahifadhi kamba na samaki wachanga. Sidai kwamba kila kalvati lililong'oka Somanga liling'olewa na shoka. Nasema kwamba mvua kubwa ikikuta nchi iliyovuliwa miti, madhara huwa makubwa zaidi.

Wapo watakaojibu kwamba vimbunga si vigeni, kwa kuwa Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Ni kweli. Lakini bahari ikizidi joto huipa dhoruba nguvu, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi ya kumwaga. Wengine watasema waliochafua anga ni mataifa yenye viwanda. Hilo nalo ni kweli, na Kanisa halina budi kulisema mbele ya wakubwa bila woga. Hata hivyo dhambi ya jirani haijapata kumtakasa mtu.

Tusome tena Mwanzo, sura ya 9. Baada ya gharika Mungu alifanya agano na Nuhu na uzao wake, na pamoja nao kila kiumbe hai kilichotoka safinani: ndege, mifugo, wanyama wa mwitu. Tumezoea kuhubiri upinde wa mvua na kuwaacha wanyama mlangoni. Nani alituruhusu kulikata agano katikati, tuchukue ahadi yetu na kuwanyima wenzetu yao? Papa Fransisko aliikumbusha dunia jambo hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Hapa kwetu, Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) alihimiza upandaji miti Kilimanjaro hata akaitwa askofu wa miti.

Linaniuma jambo moja. Tangu mwaka 2004 gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, inapita chini ya bahari, inatokea Somanga na kwenda kuwasha taa na viwanda vya Dar es Salaam. Jiji linachukua gesi ya Kilwa, na bado linapikia miti ya Kilwa! Siku nne tu baada ya kimbunga, tarehe 8 Mei 2024, Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kanisa lina shule za bweni, seminari na hospitali, na majiko yake ni makubwa. Lisingoje kusukumwa.

Nanyi Wakristo wa Somanga, mlio wachache miongoni mwa ndugu Waislamu, msifanye kazi hii peke yenu. Nendeni kwa imamu, kwa serikali ya kijiji na kwa kikundi cha kulinda ufukwe, mkapande mikoko pamoja na kuwakanya wanaoikata.

Nanyi wazee wa kanisa na halmashauri za walei wa Dar es Salaam, katika kikao chenu kijacho, kabla ya hesabu za sadaka, ulizeni jiko la parokia linawaka kwa nishati gani, na liandikeni jibu kwenye muhtasari.