Kubana dawa ya kusafishia saketi kwaweza kuwa hasara

SHERIA ya Marekani ya mwaka 2020 kuhusu gesi za HFC imevifikia hata viwanda vya vifaa vya elektroniki, ambako baadhi ya gesi hizo hutiwa katika makopo ya kupuliza yanayosafishia bodi za saketi. Tangu 2024, kiasi kinachoruhusiwa kimeshuka kwa asilimia 40 chini ya kiwango cha msingi, na kufikia 2036 kitakuwa kimepungua kwa asilimia 85.

Si mara ya kwanza kwa viwanda hivyo kujipata katika hali hii. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiondoa CFC-113, iliyopendwa sana na mafundi, kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni. HFC zikachukua nafasi yake, kabla ya mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016 kuziandama nazo kwa kuongeza joto duniani. Wanaofikiria kurejelea triklorethilini nao wamefungiwa njia: Desemba 2024, Marekani ilitangaza kanuni ya kuipiga marufuku kwa sababu husababisha saratani.

Kwa hivyo, lililosalia ni kubana matumizi. Dawa nyingi hupotea fundi anapopuliza kutoka mbali, kwani huruka hewani kabla ya kuyeyusha uchafu. Brashi inayofungwa kwenye mdomo wa kopo huipeleka dawa moja kwa moja panapohitajika na kusugua papo hapo. Aidha, kopo la kawaida likipinduliwa, mrija wa ndani huachwa juu ya dawa na kutoa gesi ya msukumo pekee. Mwishowe kopo hutupwa likiwa bado na dawa.

Hata hivyo, kuna ubahili unaogharimu zaidi. Fundi akisugua kisha aache kusuuza bodi ikiwa imeinamishwa, uchafu wa flaksi huwa umehamishwa tu, wala haujaondolewa. Dawa hukauka na kuacha utando mweupe. Utando huo ukinyonya unyevu, umeme huvuja kati ya nyaya na metali huanza kuliwa, pengine miezi kadhaa baada ya kifaa kuuzwa.

Alkoholi ni rahisi na husafisha vyema, lakini hushika moto. Mwajiri anayeichagua hana budi kugharimia mitambo ya kuondoa mvuke na kuhakikisha hakuna bodi inayopulizwa ikiwa na umeme. La sivyo, anayebeba gharama hiyo ni mfanyakazi aliyeinamia meza.