NENO LA TAWI: JENERALI AMEPUMZIKA, MGAMBO WAKE WAMO MASHINANI MWETU





Tunajua simu zenu zimejaa. Kampeni za serikali za mitaa zinaanza tarehe 20, kura ni tarehe 27 Novemba, na kila mwenye bando ana ujumbe wa kusambaza. Huu si wa kampeni. Ni mrefu kidogo, mtuvumilie.

Tarehe 29 Oktoba 2024 nchi yetu ilimpoteza Jenerali mstaafu David Musuguri, akiwa na miaka 104. Alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Mwaka 1942 aliingia jeshi la Mwingereza, KAR, akapelekwa Madagaska katika Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita hivyo alikuwa mkufunzi kambini Kahawa, Kenya, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Idi Amin. Zaidi ya miaka 30 baadaye mwalimu akamfuata mwanafunzi wake hadi Kampala akiwa kamanda wa Divisheni ya 20. Alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 1980 hadi 1988. Alipostaafu alirudi kijijini kwao, akaishi miaka 36 kama mzee wa Butiama kati ya watoto, wajukuu na vitukuu. Wengi wenye vyeo kama chake hawakumbuki tena njia ya kwao.

Hayo redio zimeyasema, na sisi tunaungana na familia yake na JWTZ kumwombea. Tawi lina lake la kuongeza, nalo linahusu watu aliowaongoza.

Wenye umri wanakumbuka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera na kuteka ardhi yote hadi mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza kwamba tunapigana. Jeshi la wakati ule halikutosha, wakaitwa mgambo. Magari ya watu binafsi yalichukuliwa, wafugaji wa huku wakatoa ng'ombe, na askari wakasafirishwa kwa reli kupita Tabora na Shinyanga hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba. Jeshi letu liliongezeka likapita watu 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000.

Hao 40,000 walitoka vijijini. Mwongozo wa TANU wa 1971 ndio uliotaka wananchi wapewe mafunzo ya mgambo, na Chama kikasimamia. Kwa hiyo kijana wa kwetu hapa hakuitwa na barua kutoka Dar es Salaam. Aliitwa na kiongozi wa Chama aliyemjua kwa jina, akaaga mama yake, akapanda lori.

Sasa tuseme habari ya Lukaya. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo wasiowahi kupigana, ilikuwa inavuka barabara ya kinamasi pale. Majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin yakaanza kurusha makombora ya Katyusha. Mgambo wetu wakatawanyika gizani. Usiku ule Musuguri akaagiza Brigedi ya 208 izunguke itokee barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 ile 201 iliyotawanyika ilikuwa imekusanywa tena, ikashambulia kutoka mbele na 208 kutoka nyuma. Walibya wakashindwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Tumeieleza kwa sababu mmoja wa waliokuwa kwenye kinamasi kile alikuwa mwanachama wa Tawi hili. Tumemzika mwezi Septemba. Familia imetuomba tusiandike jina lake kwenye simu, nasi tumeheshimu.

Katika miaka yote tuliyokaa naye, Mzee aliizungumzia Lukaya ofisini mara moja tu, siku vijana walipokuwa wanabishana kuhusu vita vya kwenye filamu. Alisema walikimbia, na kwamba anayesema hawakukimbia hakuwepo. Akasema kazi ngumu haikuwa kukimbia wala kupigana, ilikuwa kurudi asubuhi wakati miguu inajua tayari kilichoko mbele. Akanyamaza, akaomba maji.

Aliondoka 1978 akiwa na mke na watoto wawili. Wa tatu alizaliwa yeye akiwa Masaka. Alirudi na blanketi moja, akakuta nchi inafunga mkanda. Ile miezi 18 tuliyoambiwa ikageuka miaka, sabuni ya foleni, nguo ya foleni. Alilima pamba. Wizi wa ng'ombe ulipozidi, maana bunduki za vitani zilizagaa, na Sungusungu ikaanza huku Kahama na Nzega, yeye alikuwa mmoja wa waliowafundisha wenzake kukaa lindo bila kusinzia. Bei ya pamba ilipoanguka alikwenda Geita kwenye maduara, mtu mzima akishuka shimoni na vijana wa rika la wanawe, akirudi nyumbani kila msimu wa kulima na ada za shule zimefungwa kwenye kitambaa. Watoto saba wote walisoma. Mabinti wawili ni walimu. Mke wake anasema hakuwahi kulala nje ya nyumba yake bila kuaga, tangu aliporudi kutoka Uganda.

Kikohozi cha vumbi kilipomzidi, alizunguka kwenye ofisi moja akiomba atambuliwe kama mpiganaji. Akaulizwa namba ya utumishi na karatasi. Karatasi aliyokuwa nayo ililiwa na mchwa zamani. Akarudi. Hakutuambia, na sisi hatukumuuliza.

Msibani tulikwenda na bendera na rambirambi. Hotuba ilikuwa nzuri. Baada ya mazishi mwanawe mkubwa alimvuta Katibu pembeni akauliza kwa adabu kama Tawi lina orodha ya walioitwa 1978, walau jina la baba lionekane mahali. Tukafungua kabati. Tulikuta daftari za ada za miaka ya karibuni, mihutasari iliyoloa, na mabango ya wagombea. Jina la Mzee lilikuwa kwenye ada tu, amelipa kila mwaka.

Wapo watakaosema mambo ya wapiganaji ni ya jeshi, kwani tangu 1992 siasa na jeshi vimetenganishwa. Ni sahihi kwa askari aliye kazini. Lakini askari ana namba na ana kambi inayomjua. Mgambo aliitwa na sisi. Deni la kumkumbuka liko kwenye kabati letu, na kabati ni tupu. Hatuwezi kuinyoshea kidole ofisi iliyomdai karatasi ikiwa sisi tuliomwita hatuna hata daftari.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ana 66. Hawa ndio tunaowaweka kiti cha mbele kwenye mikutano, wanapigiwa makofi, kisha wanarudi kwa miguu. Kamati ya Siasa ya Tawi imeamua msimu huu hakuna mzee wa vita atakayepandishwa jukwaani na mgombea yeyote kabla hajatembelewa nyumbani na kuandikwa.

Kila balozi apite kwenye shina lake kabla ya tarehe 15 Desemba. Aandike jina kamili, kijiji alichotoka, mwaka alioitwa, nani alimwita, alipita wapi, nani alikuwa naye, na majina ya mke na watoto. Waliokwisha kufariki waandikwe pia, kwa maelezo ya wajane wao. Vijana wa UVCCM wenye simu nzuri warekodi sauti, kwa ridhaa ya mzee, na wasimharakishe. Mwenye karatasi yoyote ipigwe picha siku hiyohiyo. Atakayehitaji kwenda ofisi yoyote, Tawi litampa mtu wa kumsindikiza. Hatuahidi pesa, Tawi haligawi pensheni, na anayeahidi pesa kwa jina letu mtuambie.

Daftari jipya lipo ofisini kwa Katibu. Jina la kwanza tumeshaliandika, mjane wake alikuwepo.

*Kazi Iendelee!*

Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi
Novemba 2024