Mavuno Yasiishie Mnadani

Katika sharika zetu nyingi, Sikukuu ya Mavuno siku hizi ni mnada. Litania inapunguzwa na mahubiri yanabanwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kazi kubwa iko nje, chini ya mwembe, ambako magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na majogoo waliofungwa miguu wanamsubiri mpiga mnada. Huko ndiko kwenye vicheko na majina ya kutajwa. Jioni mtunza hazina anatangaza kilichopatikana, makofi yanapigwa, na kila mmoja anarudi kwake kula alichokula jana.

Hatusemi kwamba mnada ni dhambi. Maziwa huchacha, ndizi huoza, na mafundi wa paa la kanisa hawalipwi kwa kuku. Aliyebuni kugeuza mazao kuwa fedha alitumia akili. Tunachokataa ni mnada kuimeza sikukuu, hata washarika wakajifunza, bila mtu yeyote kuwafundisha kwa maneno, kwamba shukrani ni kitu kinachopelekwa kanisani mara moja kwa mwaka na kuandikiwa risiti.

Tuisome sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati bila kukomea njiani. Wahubiri wengi hukomea pale kapu la malimbuko linapowekwa mbele ya madhabahu, maana hapo pananoga kwa mwenye bajeti ya kutimiza. Lakini mwenye kapu hajamaliza. Anatakiwa asimulie: baba yetu alikuwa mtu wa kutangatanga, Misri tulitumikishwa, Mungu akatutoa, akatupa nchi hii. Kisha aya ya 11 inamwagiza afurahie mema hayo yeye na nyumba yake, pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa kati yao. Sura ya 16 inamtaja pia mtumwa, yatima na mjane. Na katika Walawi 23, katikati ya kalenda ya sikukuu, tunakuta amri ya kutovuna pembe za shamba, ili maskini na mgeni wapate. Amri hiyo haikupotea njia ikaangukia hapo.

Basi tuulize: siku ya mavuno ni nani hayupo kanisani? Ni yule ambaye mvua zilimkataa. Ni mjane aliyekodisha shamba lake ili mtoto asome. Anabaki nyumbani kwa sababu anajua jumuiya zitaitwa moja moja, wenzake watapita mbele na vikapu vichwani, naye atapita mikono mitupu. Mungu alimtaja katika sheria ya sikukuu, nasi tunaifanya sikukuu hiyo hiyo iwe siku yake ya aibu. Au anajikaza, anakuja na kuku wake mmoja. Mwenye uwezo anamnunua kwa bei ya mbuzi, vigelegele vinapigwa kwa mnunuzi, na hakuna anayeuliza aliyemleta kuku atakula nini usiku.

Tunaambiwa kwamba kanisa ndiyo mahali pa shukrani. Ni kweli, ila Martin Luther hakuona kwamba inaishia hapo. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Aliweka ndani yake sala ya kabla ya kula na sala ya baada ya kula, akaagiza watoto na watumishi waiendee meza kwa adabu, mikono imekunjwa. Alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, hakutaja chakula peke yake: alitaja nyumba, mifugo, mume au mke, watoto, serikali njema, hali nzuri ya hewa, hata majirani wema. Shukrani ya mambo hayo haiwezi kupigwa mnada. Mahali pake ni mezani, au kwenye mkeka.

Wapo ndugu watakaosema hayo ni matambiko. Tunajua matambiko yalikuwa nini, na hatuna nia ya kuyarudia. Lakini bibi anayewazuia wajukuu wasiguse mahindi mapya mpaka ukoo ukusanyike na kuomba, haiti mizimu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Kilimanjaro kuanzia 1902 hadi 1938, alisisitiza kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo kanisa lijenge juu yake, lisivikate. Mengi ya Gutmann yamebishaniwa, na kwa haki. Hilo alikuwa sahihi.

Wapo pia wa mjini wanaosema, sisi hatulimi. Basi wasimulie wanachokijua. Nani aliwapokea walipofika mjini na begi moja? Nani aliuza ng'ombe ili mtu asome? Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba yenye umeme hajui kwamba babu yake alilala stendi. Mzee asiposimulia jioni ile, atasimulia lini?

Tunachopendekeza si kigumu. Usharika utenge sehemu ya mazao kabla ya mnada kuanza, wala si mabaki yake, na yapelekwe siku hiyo hiyo kwenye nyumba ambazo hazikuvuna. Kila nyumba nayo iwe na chakula chake cha jioni: mkubwa wa nyumba asimulie, watoto waombe, na aalikwe mtu mmoja asiyeweza kurudisha mwaliko. Jirani akiwa Mwislamu na kuna kuku wa kuchinjwa, mpeni kisu achinje yeye, kama mitaa yetu mingi ilivyozoea. Katika Nehemia 8, Ezra na Walawi hawakuwazuia watu uwanjani. Waliambiwa waende wakale, wanywe, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu.

Mtunza hazina atauliza mapato yatapungua kiasi gani. Yatapungua. Gunia lililokwenda kwa mjane halihesabiwi jioni. Na nyumba zenyewe wazee wa kanisa wanazijua kwa majina; orodha iwe tayari Jumamosi, kabla mpiga mnada hajapanda juu ya meza.